Mifuko ya Mchanga

Mwamuzi alipotaja jina la mnunuzi, Tuulikki alidhani masikio yake bado yamejaa mngurumo wa injini. Lilikuwa jina la kaka yake.

Katika mbio hizi za barafuni, zikiisha, yeyote anaweza kutaka kulinunua gari lolote kwa bei ileile iliyopangwa, na dereva akikataa kuuza hashindani tena. Lakini ndugu? Huyuhuyu aliyemshikia tochi majira matatu ya baridi, huku Tuulikki akilichomelea gari lile jekundu la milango miwili?

"Ungeniomba, kaka."

"Ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Basi lete ufunguo, bingwa."

Alimwekea kiganjani. Ulikuwa bado na joto la mkono wake.

Kaka alizoea gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Alikanyaga mafuta kwa mbwembwe. Magurudumu ya nyuma yakatimua theluji, mkia ukayumba.

"Linacheza hili! Kuna la kuniambia kabla sijashika njia?"

Miguuni pa Tuulikki ilikuwapo mifuko minne ya mchanga, aliyoitoa kwenye buti la gari kabla ya mbio. Bila uzito wake, gari lile halikuwahi kuteremka salama kilima cha darajani, kwenye njia ya kurudi nyumbani.

"Hakuna," alisema.