Panya Hutangulia

Kila mtu alikuwa na panya wake maabarani, mwenye moyo kama wake ila unaozeeka upesi, ili yatakayompata mtu yamfike panya kwanza. Mpimaji haruhusiwi kumwambia mwenye panya alichokiona.

Siku hiyo Tunu alimlaza panya wa mumewe kwa dawa ya usingizi, akampaka jeli ya vuguvugu kifuani, akapitisha ultrasaundi. Moyo ulijikamua kivivu, kama mkono uliochoka kufua.

Jioni alimpakulia Hatibu mapaja yote mawili ya kuku.

"Mke wangu, leo sikukuu?"

"Kula tu, mume wangu."

Ghafla upawa ukamganda mkononi. Mchana huo Rukia, anayempima panya wa Tunu mwenyewe, alimmenyea chungwa bila kuombwa, wala hakumtazama machoni.