Picha ya Ujanani

Daktari alimchora mistari ya wino chini ya taya, mahali miale ya leza ingepita kukaza ngozi. Wino ulikuwa wa baridi. Mama Pacha alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe ujasiri, maana aliyeng'ang'ania ni mumewe: "Nenda ukarudishe sura yako, mke wangu."

"Mzee ametutumia picha yako ya ujanani, tuifuate," daktari alisema, akamgeuzia simu. "Tazama kidevu hicho! Hapa ulikuwa na miaka mingapi, mama?"

Aliyekuwa akicheka pichani, nywele timutimu, ni mdogo wake wa mwisho. Nyuma yake yalikuwa mapazia ya chumbani kwake na mumewe, yale ambayo Mama Pacha aliyashona wiki mbili zilizopita.

"Ana ishirini na mbili," alijibu. "Nimemlea mimi."