Sisimizi wa Bafuni

Sisimizi walikuwa wamejipanga msururu kwenye jiwe la bafu, na Ikupa akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu amzike Danieli.

Siku ya maziko, mbele ya waombolezaji wote, Ruti, mke wa shemeji yake, alisema mtoto hakufa kwa homa, karogwa na mamaye. Neno likatembea Hasamba nzima. Tangu hapo hakuna mwanamke aliyekubali Ikupa ambebee mtoto.

Waliishi uwanja mmoja. Waume zao, madereva wa malori, walikuwa wamekwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Bafu la matete lilibaki la wanawake hao wawili, na kwa baridi ile, usiku hakuna aliyejisumbua kushuka hadi chooni kule kwenye mibuni; haja ndogo iliishia bafuni humo humo.

Ikupa aliwajua sisimizi wale. Mbwa wake aliyekufa mwaka uliopita alikuwa akimaliza maji ya ndoo, akikojoa kila kona, akila sana na bado akikonda. Sisimizi wakaufuata mkojo wake. Bwana mifugo akasema ni ugonjwa wa sukari, na binadamu humwanza vivyo hivyo: akiwahiwa anaishi, akicheleweshwa anakwisha. Ruti alikuwa mlangoni pa jiko akipepeta maharage, akisikiliza.

"Kama amesahau, shauri yake," Ikupa alijisemea. "Mimi simkumbushi ng'o."

Akaanza kumkaribisha chai, sukari vijiko vya kujaa. Ajabu, Ruti akaja, kisha naye akawa anamwalika. Majirani wakasema Mungu kawapatanisha. Mungu gani! Ruti alikuwa mwembamba tangu usichana, lakini Ikupa alimwona amezidi, na kila mfupa uliochomoza ulimburudisha roho.

Chuki ilimnogea, japo ilimkausha koo hata akawa analala na dumu la maji ubavuni. Sketi yake ya kanisani haikukaa tena bila pini. Kinyongo hakinenepeshi mtu, alijiambia, akajiongezea ugali.

Kisha Fides, binti wa Ruti, akajifungua kule Mlowo. Ruti akafunga mizigo kwenda kumtunza mzazi.

"Nimekuachia mfuko wa sukari, Mama Danieli," alisema, akimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Unywe chai. Usijinyime."

"Asante, Mama Fides. Salamu kwa mzazi."

Moyoni alisema: nenda ukafie huko huko.

Ruti alipoondoka tu, Ikupa alilisugua jiwe la bafu kwa majivu mpaka likatakata. Hakutaka hata alama ya yule mwanamke ibaki. Uwanja ukawa wake peke yake, na kila jioni alijipikia chai, akanywa kwa raha zake.

Wiki iliyofuata, asubuhi, aliingia bafuni na ndoo ya maji ya moto.

Jiwe lilikuwa jeusi kwa sisimizi. Na jikoni, mfuko wa Ruti ulikuwa umebaki nusu.