Vinundu vya Haragwe

Mama Anjela aling'oa shina moja la haragwe, akakuta mizizi imejaa vinundu vidogo kama punje za mtama.

"Ugonjwa huo," mumewe alisema bila hata kuinama. "Nilikwambia mahindi hayataki kuchanganywa." Akaanza kuyang'oa maharage ambayo mkewe aliyachomeka kati ya mahindi, akiyatupa kwenye rundo moja kabla ugonjwa haujasambaa.

Mama Anjela hakumsaidia. Mzizi mgonjwa aliujua, hulainika, hunuka. Huu ulikuwa mgumu, unanukia udongo wa mvua. Alibandua kinundu kimoja, akakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga.

Akapasua kingine. Waridi tena.

Akainua macho. Mahindi yaliyosimama na maharage yalikuwa na majani mapana, ya kijani kilichokolea. Ng'ambo ya mfereji, kwenye mahindi matupu ya mumewe, majani yalikuwa yamepauka, umanjano ukishuka kutoka nchani hadi katikati ya jani.

"Baba Anjela, mbolea ya kukuzia ulitia upande gani?"

"Mbolea ipi, mama? Si bei ilitushinda? Hatukutia popote."

Alijibu huku ameshika shina jingine. Kisha naye akatazama huku, akatazama na ng'ambo kule, akarudi tena huku.

Akaliachia lile shina taratibu. Nyuma yake, rundo la maharage lilikuwa limeshaanza kunyauka juani.