Swali la Sikukuu ya Uhuru

Katika Jamhuri changa ya Mirihi, Mwasisi wa taifa aliishi ukutani mwa kila jiko. Alikuwa sauti tu, lakini ndiye aliyeamua kila jambo, kuanzia zamu za maji mpaka chumvi ya mchuzi. Naye aliahidi kwamba siku wananchi watakapomwambia wamekua, atanyamaza apumzike.

Jioni ya sikukuu ya uhuru, Sauda na mumewe Kibwana walikuwa wakibishania jina la binti yao mchanga huku pilau ikiungua.

"Tumuulize mzee," alisema Kibwana.

"Kwani mzee ndiye aliyebeba mimba?"

Wakacheka mpaka machozi, kisha wakakubaliana wenyewe: Zuhura. Sauda akajiona mtu mzima ghafla.

Ukuta ukakohoa. "Haya, wanangu," Mwasisi akauliza kama kila mwaka, "mmeshakua?"

Sauda akafungua kinywa. Kutoka kwa majirani pande zote akasikia vigelegele na jibu lile lile la siku zote: "Bado, mzee!"

"Bado, mzee," naye akasema.

Mwasisi akacheka, akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeogopa kusikia jibu jingine.