Mto Mwekundu wa Gwata

"Acheni mto uwe mwekundu hivyohivyo!" Mzee Mwinjuma alifoka, lakini mtaalamu Bertha alishafungulia bomba.

Maji ya mto yaliingia kwenye pipa la kuchujia yakiwa mekundu kama damu ya kuku, yakatokea bombani meupe pe. Watu wa Gwata wakapiga vigelegele.

"Punje za humo ndani ni zinki iliyofumwa kama wavu, mzee wangu," Bertha alimweleza kwa upole. "Rangi ya kiwandani inanasa humo."

"Na sumu je?"

"Zipo punje nyingine, hizo zikikuta sumu zinang'aa. Lakini sisi tumeitiwa rangi tu."

Mwinjuma akatema mate pembeni. Ndio wakubwa hao! Alipomzika mkewe Hajra, figo zimekufa, alikwenda ofisini kwao hadi ndala zikatoboka. Wakamwambia kiwanda cha Zegereni hakina neno, aache uchochezi. Mto ulipogeuka mwekundu ndipo magari yao yakaja mbio, na watu wakaogopa, wakahamia kisima cha mbali.

Afisa Gregori alikinga bilauri, akanywa mbele ya watu wote, akajifuta mdomo. "Matamu! Kisimani basi tena. Tekeni hapahapa."

"Msinywe!" Mwinjuma alisema.

"Yakiwa mekundu, kelele. Yakiwa meupe, kelele. Mzee, tukuletee soda?" Gregori aliuliza.

Watu wakaangua kicheko. Kidawa, binti yake, mwenye mimba kubwa, akamvuta mkono.

"Baba, unatuaibisha. Kile kisima kimeniua mgongo."

"Nakuomba, mwanangu. Nenda kisimani leo tu."

"Na kesho utasema leo tu."

Akatega ndoo yake chini ya bomba.

Mwinjuma aliondoka bila kuaga. Alipanda kando ya mto, akapita pale pipa linapovutia maji, akasonga mpaka kelele za watu zikapungua. Akachungulia nyuma, hakuna aliyemfuata. Akatoa kibindoni rangi ya ukili, ile Hajra aliyokuwa akichovyea mikeka yake, akaimwaga mtoni kama alivyofanya kila alfajiri tangu wale wa ofisini wamkatalie, maana maji yaliyomuua mkewe yalikuwa meupe, na watu hawaogopi maji meupe.

Mto ukawa mwekundu kuliko siku zote. Kule chini, ndoo ya Kidawa iliendelea kujaa maji meupe.