Swichi Nyuma ya Betri

Matanga ya mama yake yalipoanuliwa, Ramla alimpigia simu muuzaji wa mashine ya umeme wa upepo.

“Mapanga hayazunguki, na upepo upo. Tuko gizani tangu msiba.”

“Pole, dada. Nyuma ya betri kuna swichi ya breki. Iko juu au chini?”

Ramla alichungulia. Swichi nyeupe ilikuwa chini, ina alama ya kidole gumba chenye masizi. Mama ndiye aliyepika kwa kuni, na ndiye aliyelalamika kila jioni kwamba mvumo wa mapanga yale haumpi usingizi.

“Umeiona, dada? Ipandishe tu, itazunguka.”

“Sijaiona,” alisema Ramla, akakata simu.

Akawasha kibatari, akakiweka mbali, moshi usije ukaifikia swichi.